Hii TV Haijaharibika, Ni Filamu ya Mwaka 1952

Mteja mmoja alifika kibandani kwangu hapa Nakuru kuchukua runinga yake, akakuta nyingine juu ya meza inaonyesha picha isiyo na rangi. Akatikisa kichwa kwa huruma.

"Fundi, na hii nayo imekushinda?"

Haikuwa imenishinda. Ilikuwa yangu, nzima kabisa, nami nilikuwa natazama High Noon huku nikingoja chuma cha kuchomelea kipate moto. Nikamwambia aketi dakika tano. Akakataa, ana haraka, matatu inamngoja steji. Basi akatazama akiwa wima, runinga yake ameikumbatia kama mtoto, huku Gary Cooper na nyota yake ya polisi kifuani akizunguka mji mzima kuomba wanaume wamsaidie kupambana na majambazi. Kila mmoja ana sababu yake. Kuna rafiki yake anayemtuma mkewe mlangoni aseme hayupo. Mteja wangu alicheka hapo, kile kicheko cha mtu aliyewahi kubisha hodi kwenye nyumba kama hiyo. Akaiweka runinga chini. Filamu yenyewe ni dakika 85, na saa za ukutani ndani yake zinakwenda karibu sawa na ya mkononi mwako, kwa hiyo ukishajua treni ya saa sita inakuja na nani, huendi popote. Matatu iliondoka bila yeye.

Naanza na kisa hicho kwa ajili ya wale wanaoniambia, "Mimi nazipenda sana sinema za zamani, lakini nyumbani hakuna wa kutazama naye. Watoto wanakimbia wakiona haina rangi." Mimi pia nilikuwa na shida hiyo, na ilinichukua miaka kugundua kwamba kosa halikuwa la watoto.

Sisi tulioipenda TCM, ile chaneli ya filamu za zamani, tunajuana. Ukimtaja mwigizaji Humphrey Bogart kwenye foleni ya benki, kuna kichwa kimoja kitageuka. Chaneli hiyo ilianza Marekani tarehe 14 Aprili 1994, na filamu ya kwanza kuonyeshwa ilikuwa Gone with the Wind. Mwenye chaneli, Ted Turner, alikuwa ameinunua studio ya MGM mwaka 1986, akauza sehemu kubwa yake muda si muda, lakini stoo ya filamu hakuiachia. Ni kama mtu anunue shamba, auze ardhi, abaki na mahindi ghalani. Mahindi hayo ndiyo tuliyokula sisi hadi 2018, wakati chaneli ya TNT ilipochukua nafasi ya TCM kwenye dikoda za huku.

Sasa, huko Marekani chaneli hiyo ilikuwa na mzee mmoja mtanashati, Robert Osborne. Kabla ya filamu kuanza, anakukaribisha: nani anaigiza, nini kilitokea walipokuwa wakiipiga, tazama hiki. Kisha anakupisha. Ikiisha anarudi, anaongeza neno moja mawili. Alifanya kazi hiyo zaidi ya miaka ishirini. Nyumbani kwangu filamu ilikuwa inaanza tu, paa, majina ya watu waliokufa zamani yanapita na muziki wa vinanda. Osborne nilimjua baadaye kwenye intaneti, na siku hiyo nikaelewa. Filamu ya zamani ni nyumba ya ugenini. Ukimsukuma mtu mlangoni bila mwenyeji, atasimama ukumbini dakika mbili, halafu atatafuta njia ya kutokea.

Kwa hiyo ushauri wangu mkubwa ni huo: kuwa mwenyeji. Dakika mbili, usizidishe. Mimi mwanzoni nilizidisha, nikahutubia robo saa, mke wangu akaniuliza kama tumekuja kutazama filamu au kunitazama mimi. Chagua jambo moja tu litakalowafanya wakae mkao wa kungoja.

Mfano ni Casablanca, ya 1942. Huna haja ya kueleza Vita vya Pili vya Dunia. Mimi husema hivi: hawa watu wamekwama mjini wakingoja karatasi za kuwaruhusu kuondoka, na wengi wa waigizaji mnaowaona walikuwa wakimbizi kweli. Yule anayeigiza afisa wa Wanazi, Conrad Veidt, alikuwa Mjerumani aliyeikimbia Ujerumani kwa sababu ya Wanazi hao hao. Mkewe alikuwa Myahudi. Nanyamaza. Ikifika pale wageni wa baa wanaposimama kuimba wimbo wa taifa wa Ufaransa ili kuzima sauti za wanajeshi wa Kijerumani, nyuso zile zinasomeka kwa njia nyingine kabisa. Kuna mama mmoja, jirani yetu, ambaye mwaka 2008, baada ya ghasia za uchaguzi, alilala kwenye hema pale uwanja wa maonyesho hapa Nakuru pamoja na watoto wake, akingoja jina lake lisomwe kwenye orodha. Sehemu hiyo ya wimbo haikumtoa machozi. Alipoguswa ni pale mwanzoni, watu wako nje mtaani wakitazama ndege inakuja kutua, kila mmoja akijiuliza kama kesho itaondoka naye. "Kungoja ndiko hukumaliza mtu," akasema, kisha akaomba chai.

Pili, usianze na zile ndefu. Nilifanya kosa hilo Krismasi moja: nikaweka Gone with the Wind, ambayo inakaribia saa nne, baada ya pilau. Shemeji yangu alikuwa anakoroma kabla Atlanta haijashika moto. Lakini kibaya zaidi si urefu. Binti yangu wa mwisho, aliyekuwa kidato cha pili, aliniuliza, "Baba, kwa nini hawa watumwa wanaonekana wamefurahi hivi?" Sikuwa na jibu kwa sababu sikuwa nimejiandaa kuwa na jibu. Siku hizi swali hilo ndilo karibisho lenyewe. Nasema wazi kwamba filamu hii inapaka utumwa asali. Halafu namtaja Hattie McDaniel, anayeigiza Mammy, mtu mweusi wa kwanza kushinda Oscar. Usiku wa tuzo, mwaka 1940, hotelini aliwekwa kwenye meza yake pembeni, mbali na wenzake wa filamu hiyo hiyo. Ukishajua hilo, unamtazama yeye tu. Wengine wote wanakuwa mapambo.

Hali ni hiyo hiyo kwa filamu zilizopigwa kwetu. Mogambo ya 1953, ya Clark Gable, Ava Gardner na Grace Kelly, ilipigwa Kenya na nchi jirani wakati hali ya hatari imetangazwa hapa kwa sababu ya Mau Mau. Ndani ya filamu hutaona lolote la hayo. Utaona wazungu watatu na mapenzi yao, na watu wetu wanabeba mizigo. Mimi huwaambia vijana watazame pembeni ya picha, pale kamera haikukusudia: uso wa mpagazi, namna mtu anavyopiga kasia, mlima. Wazee hupenda kutega sikio wakisubiri neno la Kiswahili lipite. Ile ya John Wayne ya 1962, iliyopigwa Tanganyika, haikuwapa kazi ya kutega: imeitwa Hatari! tangu kwenye jina. Hadithi yenyewe kwangu ni nyembamba, kukimbiza vifaru na twiga kwa lori, lakini magari yale yanakimbia kweli na wanyama ni wa kweli.

Niruhusu hapa niongee kama fundi, maana nusu ya watu wanaosema filamu za zamani zina sura mbaya ni kwamba wameziharibu wenyewe kwa rimoti. Kabla ya miaka ya 1950 picha ya sinema ilikuwa na umbo la kukaribia mraba. Runinga za sasa ni pana. Ukiambia runinga ijaze kioo chote, Ingrid Bergman wa Casablanca ananenepa mashavu na farasi wanakuwa wafupi kama punda. Ingia kwenye menyu ya picha, tafuta 4:3 au umbo la asili, uache zile pande mbili nyeusi zibaki nyeusi. Hazijakuibia kitu. Ukiwa humo humo, zima ile hali ya kulainisha mwendo, inayofanya kila filamu ifanane na taarifa ya habari, na upunguze ukali wa picha. Ukali ukizidi, chembechembe za filamu zinageuka mchanga. Kuna wateja waliowahi kuniletea runinga ati ina mchanga. Niliwatoza pesa ya soda tu.

Kuhusu rangi, sisi wenyewe tumegawanyika. Turner huyo huyo aliyetuhifadhia filamu ndiye aliyeagiza nyingi zitiwe rangi kwa kompyuta miaka ya 1980, hata Casablanca. John Huston, aliyeelekeza The Maltese Falcon, alilalamika hadharani ilipotiwa rangi ya kwake. Mimi niko upande wa Huston. Ukiona kivuli cha Bogart ukutani na bado unataka kujua tai yake ilikuwa rangi gani, sijui nikusaidieje. Ila siwezi kumlazimisha mama mkwe wangu, anayesema nyeusi na nyeupe inamkumbusha runinga ya betri ya gari waliyokuwa nayo kijijini, na kwamba umaskini aliuona wa kutosha.

Jambo ambalo wengi hawalitarajii: watoto wadogo na wazee wasiojua Kiingereza ndio rahisi zaidi, mradi uanze na filamu zisizo na sauti. Kwenye Kiingereza cha Wamarekani wa 1940 hata mimi hukimbilia maandishi ya chini. His Girl Friday, kwa mfano, watu wanaongea wawili watatu kwa pamoja, huwezi kumtafsiria mtu sikioni. Lakini Buster Keaton, mchekeshaji wa filamu hizo zisizo na sauti, hahitaji mkalimani.

Tuna mzee mmoja hapa mtaani, mstaafu wa reli. Alikuwa anapita tu kututania, kwamba tunatazama maiti. Siku moja nikamwambia, mzee wangu, leo ni treni. Nikaweka The General, ya 1926. Keaton ni dereva wa treni ambaye injini yake imeibwa na maadui, naye anaifukuza, kwanza kwa miguu, kisha kwa injini nyingine. Mzee alikaa ukingoni mwa kiti. Kuna mahali Keaton, akiwa na huzuni za mapenzi, anaketi kwenye ule mtaimbo wa chuma unaounganisha magurudumu; injini inaondoka polepole, naye anapanda na kushuka nao bila kutambua. Watoto walicheka. Mzee hakucheka. Alisimama.

"Hapo gurudumu likiteleza mara moja, huyo amekwisha!" Akatugeukia sote kana kwamba sisi ndio tuliomruhusu. "Nani alimkubalia?"

Nikamwambia hakuna ujanja wa kamera pale, ni injini ya kweli na ni yeye mwenyewe. Na lile daraja linaloungua na treni kuporomoka mtoni mwishoni, lile nalo ni daraja la kweli na treni ya kweli; daraja walilijenga huko Oregon, Marekani, wakaviangusha vyote viwili kwa ajili ya picha moja tu. Hakusema neno kwa muda. Kisha akaanza kutueleza kazi ya mtia makaa, shinikizo la mvuke, breki za miteremko ya Mau, na kule kupanda kuelekea Timboroa ambako injini ilikuwa inalia. Tulimsikiliza hadi giza likaingia. Nilikuwa mwenyeji dakika mbili, yeye akawa mwenyeji saa mbili. Tangu hapo sijahutubia tena. Huwa natafuta mtu wa kazi hiyo chumbani.

The General haina tena mwenye haki huko Marekani, wala Charade ya 1963, ambayo waliisahau tu kuiandikia alama ya hakimiliki. Zote unazipata kwenye intaneti bila kumwibia mtu. Sisi tunaokutana Jumapili kutazama tunachanga shilingi hamsini hamsini za bando na maziwa ya chai.

Kanuni zetu ni chache. Aliyewahi kuiona hasemi mwisho. Simu hukaa kwenye sufuria, na sufuria hukaa jikoni. Na baada ya filamu hakuna kuondoka kabla ya chai, kwa sababu ubishi ndio nyama. 12 Angry Men, ya watu kumi na wawili chumbani wakibishana kama kijana ana hatia ya kumpeleka kwenye adhabu ya kifo au la, ilituchukua jioni mbili: moja ya kuitazama, nyingine ya kueleza kwa nini huko raia wa kawaida ndio wanaoamua kesi na sio jaji, halafu kila mtu akachagua angekuwa nani kati yao. Mke wangu alisema mimi ni yule anayetaka kuwahi mechi. Bado nakata rufaa.

Yule mteja wa High Noon hajakosa Jumapili nyingi. Runinga yake niliitengeneza upya mara ya pili, na ameniambia hana haraka nayo. Jumapili hii ni zamu ya mzee wa reli kuchagua filamu. Tumeshajua itakuwa ipi, na ni mara ya nne.