Re: Miruko 14, niache au niendelee?

Mambo mkuu. Umesema umebakiza miruko 11 ufike 25 ya leseni A, ile leseni ya kwanza ya kuruka na parachuti, ila ndege ikipanda tu tumbo linavurugika. Mi nilikwama hivyo hivyo pale Diani. Angalia kwanza woga unakukamata wapi, kama ni mlangoni tu afu parachuti ikifunguka unacheka peke yako basi huo wa kawaida kabisa, ila kama ushawahi kuganda hewani ukasahau kusoma altimita (kile kipimo cha urefu uliobaki mpaka chini), usipande tena mpaka umwambie instrakta ukweli mruke naye. Mi shida ilikuwa kukaa miezi miwili bila kuruka, nikabana pesa nikaruka mara tatu wikendi moja, woga ukapungua sana. Na kama unaendelea kisa ushalipa, hiyo hela ishaenda kaka.