Barua kwa mwanangu: matunzo ya mtoto hukatika lini

Wete, Pemba

Mwanangu mpenzi,

Assalamu alaykum. Barua yako imenifikia. Umeniuliza ikiwa, kwa kuwa mwanao wa kiume ametimiza miaka 18 mwezi uliopita, umeshatoka dhimani, na kama unaweza kuacha kumpelekea mama yake yale matunzo aliyokupangia Kadhi mlipoachana.

Hesabu ya 18 imo katika Sheria ya Mtoto ya Zanzibar, Namba 6 ya 2011, ambayo humwita mtoto yule asiyefika umri huo. Ama rafiki yako aliyekusomea Sheria ya Ndoa ya 1971, amekusomea sheria ya Bara, na huku Visiwani haitumiki. Shauri lenu lilisikilizwa na Mahakama ya Kadhi, ambayo katika ndoa, talaka na matunzo ya watoto wa Kiislamu huhukumu kwa fiqhi, yaani sheria ya dini ya Kiislamu, na fiqhi ya watu wa hapa ni ya madhehebu ya Imamu Shafi.

Fiqhi hiyo haianzi na miaka. Huuliza kama mtoto ana mali yake, na kama anaweza kuchuma. Mdogo asiye na kitu yuko juu ya baba yake, hata akilelewa na mama, na hata mama akiolewa na mume mwingine. Akishabaleghe, naye ni mzima na anaweza kujichumia, wajibu hukatika; lakini akiwa na maradhi ya kudumu au akili yake si timamu, haukatiki hata aote mvi. (Kwa kipimo cha baleghe peke yake, wewe ningekuondoa kwenye sinia ukiwa darasa la saba.) Binti, kwa desturi yetu, hukimiwa mpaka aolewe, kwa hiyo yule mdogo wake wa kike usimtie kabisa katika swali hili.

Mwanao yuko kidato cha tano. Mimi simwoni kuwa ni mwenye kuchuma, kwani kuchuma karafuu siku za likizo hakumlishi mtu mwaka mzima. Lakini rai yangu si hukumu, nawe pia usijihukumie: rudi kwa Kadhi aliyetoa amri, ueleze umri na masomo ya kijana, na yeye ndiye aseme iondolewe, ipunguzwe au ibakie.

Lililonishughulisha zaidi ni lile ulilolitaja kwa maneno machache mwisho wa barua, kwamba miezi minne iliyopita hukupeleka kitu. Wanachuoni wa Kishafi wanasema kuwa matunzo ya mtoto yaliyopita bila ya kutolewa hayawi deni, tofauti na ya mke, isipokuwa kama kadhi aliyapanga au aliruhusu yakopwe. Yako yalipangwa. Basi miezi hiyo ni deni shingoni mwako, wala kijana kufika miaka 18 hakulifuti. Ilipe kabla hujakwenda mahakamani, na uchukue ushahidi wa kila fedha uliyotuma kwa simu.

Mama yako ameshamnunulia mjukuu wake viatu vya skuli. Hivyo ni zawadi ya bibi. Usivitoe katika ile miezi minne.

Wasalaam,
Baba yako