Data mbili zinalaliana kwa kiasi gani? Jibu kwa aliyekwama na R, lugha ya kompyuta ya takwimu

Mkuu, swali lako nimelielewa hivi: una muda wa majibu wa matoleo mawili ya mfumo, kipimo cha t (kinacholinganisha wastani mbili) kimekupa p ndogo mno, lakini ukichora histogramu, makundi mawili karibu yanafunikana. Unataka kujua kipi kinadanganya. Hakuna kinachodanganya. Kila kimoja kinajibu swali lake.

p inapima tofauti uliyoiona ingekuwa ya ajabu kiasi gani kama wastani zingekuwa sawa. Ukubwa wa tofauti yenyewe haiusemi. Chukua makundi mawili yenye mgawanyo wa kawaida (umbo la kengele), vipimo 10,000 kila moja, wastani zikiachana kwa 0.05 tu ya mkengeuko sanifu, yaani kipimo cha jinsi data zinavyotawanyika. p inakuja karibu 0.0004, na bosi yeyote atashangilia. Kulaliana kwake? Asilimia 98. Nimefanya kazi na data za muda wa seva, na hili ndilo jambo lililokuwa likiniletea ubishi kila ripoti ikitoka.

Unachokitafuta ni eneo lililo chini ya mikunjo yote miwili (histogramu zako zikilainishwa) kwa pamoja: kila mahali unachukua ulio chini kati ya hiyo miwili, kisha unajumlisha. Sifuri maana yake hayagusani kabisa, 1 maana yake ni kitu kimoja. Faida yake ni kwamba linafasirika: kama makundi ni sawa kwa ukubwa na ukabahatisha kipimo kimoja kimetoka kundi gani, hata mbinu bora kuliko zote itakosea kwa nusu ya namba hiyo. Ukipata 0.62, basi makosa hayashuki chini ya asilimia 31.

Kama data zako zina umbo la kengele, huhitaji hata R. Python tangu toleo la 3.8 ina NormalDist ndani ya moduli ya statistics, nayo ina overlap tayari. Ukiweka wastani 0 na 1, mkengeuko sanifu 1 kwa zote, inakupa hiyo 0.62.

Lakini muda wa majibu hauna umbo la kengele, una mkia mrefu kulia. Hapa ndipo watu wanaharibu. Wanaita density, amri ya R inayokadiria mkunjo uliolainishwa, mara mbili bila kuweka mipaka, R inatoa gridi mbili tofauti, halafu wanalinganisha nukta ya kwanza ya hii na nukta ya kwanza ya ile, ambazo ziko sehemu tofauti kabisa za mhimili. Namba inatoka, inaonekana ya maana, na si kitu. Mimi huandika hivi:

a <- log(kundi1)
b <- log(kundi2)
ukingo <- 3 * max(bw.SJ(a), bw.SJ(b))
chini <- min(a, b) - ukingo
juu <- max(a, b) + ukingo
da <- density(a, bw="SJ", from=chini, to=juu, n=1024)
db <- density(b, bw="SJ", from=chini, to=juu, n=1024)
sum(pmin(da$y, db$y)) * (da$x[2] - da$x[1])

Utauliza kwa nini logariti. Kwa sababu eneo la kulaliana halibadiliki ukigeuza data zote mbili kwa kanuni ileile inayopanda tu. Jibu la kweli ni lilelile, ila kukadiria kunakuwa rahisi: mkia unafupika, na ule mkunjo uliolainishwa haumwagiki tena upande wa chini ya sifuri, mahali ambapo muda hauwezi kuwepo. Ni zawadi ya bure, na sielewi kwa nini haitajwi mara nyingi zaidi.

Kuhusu bw="SJ" (upana uchaguliwe kwa njia ya Sheather na Jones): upana wa ulainishaji ndio unaoamua karibu kila kitu. Ukilainisha kupita kiasi, vilima viwili vilivyoachana vinamwagikiana na kulaliana kunapanda. Chaguo la msingi la R, nrd0, lina tabia hiyo data zikiwa na vilele viwili. Jaribu upana mbalimbali. Namba ikiyumba sana, sema hivyo kwenye ripoti.

Jambo jingine: hata sampuli mbili kutoka chanzo kimoja hazikupi 1. Kelele za sampuli daima hula kidogo, na sampuli zikiwa ndogo pengo linaonekana kwa macho. Kwa hiyo usisome 0.9 ukadhani umegundua tofauti. Changanya data zote, zigawe upya kiholela kwa ukubwa uleule, kokotoa, rudia mara elfu moja. Hapo unajua "sawa kabisa" inaonekanaje kwa sampuli zako. Kwa mipaka ya makadirio, chota upya ndani ya kila kundi peke yake, kwa kurudishia.

Kuna pakeji iitwayo overlapping inayofanya mengi ya haya. Usiichanganye na iitwayo overlap, ambayo ni ya saa za siku: inajua kwamba 23:50 na 00:10 ni majirani, na watafiti wa wanyamapori wanaitumia kwa picha za kamera za mitego, kwa mbinu za Ridout na Linkie za 2009. Kwa seva zako haifai, labda uwe unauliza maombi yanaingia saa ngapi.

Ukikutana na kipimo cha Bhattacharyya, kipimo kingine cha kulaliana, nacho ni kizuri, ila kinatumia kipeuo cha pili cha zao la mikunjo, si ulio chini. Ule mfano wa wastani 0 na 1 unatoa 0.88 badala ya 0.62. Data ileile! Andika jina la kipimo pembeni ya namba, kila mara.

Kama una vipimo vya sifuri, log itakupa ukomo hasi (-Inf) na msimbo wote utakwama. Tueleze kwanza hizo sifuri ni muda halisi au ni maombi yaliyofeli, maana yaliyofeli hayapaswi kuwemo humo.