Ruzuku ya meli Ziwa Tanganyika: tiketi peke yake haitoshi kupimia hasara

Mleta mada ameuliza mambo mawili: kwa nini serikali iendelee kutia hela kwenye meli za Ziwa Tanganyika ambazo nauli hairudishi gharama, na GPS (kifaa kinachoonyesha mahali meli ilipo) ndani ya meli inamsaidia nini mwanakijiji. Nimefanya uwakala wa mizigo Kigoma miaka mingi, nikipeleka saruji, mabati, sukari na sabuni vijiji vya kusini, kwa hiyo nijibu kwa nilivyoona.

Ziwa hili lina urefu unaokaribia kilomita 670. Ukishuka kutoka Kigoma unapita Sigunga, Lagosa, Kalya, Ikola, Karema, Kirando, Kipili, mpaka Kasanga, kisha Mpulungu ya Zambia. Historia ya meli kongwe ya ziwa hili, Liemba, wengi mnaijua: ilijengwa Ujerumani 1913, ikaletwa vipande vipande, Wajerumani wakaizamisha wenyewe 1916, Waingereza wakaiibua 1924, na 1927 ikarudi kazini. Kisichosimuliwa sana ni jinsi ilivyokuwa ikishusha mzigo. Vijiji vingi havikuwa na gati. Meli ilitia nanga mbali kidogo na ufuko, maboti ya mbao yakaizunguka, abiria wakapita mlango wa ubavuni, na winchi ikateremsha magunia ndani ya boti huku mawimbi yanapiga. Kazi hiyo iliweza kuangukia saa nane usiku, na meli haikukaa.

Sasa fikirieni mwenye duka wa Kalya. Lazima akodi boti, atafute wapagazi, anunue mafuta. Asipojua meli imefika wapi, anawalipa watu wakae bure ufukoni, au meli inapita na mzigo wake unakwenda zake hadi Kasanga. Gharama zote hizo anaziweka juu ya bei ya sabuni. Ndiyo maana nasema ruzuku inayolipia injini na dizeli bila kulipia taarifa imeishia njiani.

Na msidhani taarifa hizo hazitafutwi. Mawakala tuna namba za wenzetu kila kituo: "Imeshapita Sigunga?" "Bado, inashusha." Wa Lagosa anampigia wa Kalya, wa Kalya anampigia wa Ikola, pale ambapo mtandao unashika. Juni hadi Agosti, upepo wa kusini ukichachamaa, ratiba ya karatasini haina maana tena, na simu hizo ndizo zinazookoa mzigo. Chombo cha GPS kinachotuma mahali meli ilipo kwa setilaiti kingefanya kazi hiyo hiyo bila kutegemea mtandao wa simu. Mfumo wa AIS, ule ambao meli hutangaziana mahali zilipo kwa redio, una kasoro kwa ziwa hili: mawimbi yake hayafiki mbali, na bila vituo vya kupokea ufukoni, katikati ya safari meli inaweza kupotea kwenye skrini.

Lakini kujua mahali peke yake hakutoshi. Kivuko cha MV Nyerere kilipozama Septemba 2018 kule Ziwa Victoria, kilikuwa karibu kabisa na gati la kisiwa cha Ukara. Kila mtu alijua kilipo. Uwezo wake ulikuwa abiria 101, waliokufa walipita 220, na siku zile hapakuwa na hesabu ya uhakika ya waliopanda. Kwangu mimi orodha ya abiria na hati ya mizigo, zikaguliwe kabla kamba haijafunguliwa, zinatangulia GPS yoyote.

Hati hizo hizo ndizo zingejibu swali la hasara. Zinaonyesha kijiji gani kinapokea saruji, kipi kinatoa dagaa na mchele, na bei ilipanda kiasi gani meli iliposimama kwa matengenezo na mizigo ikarudi kwenye maboti ya mbao. Pia kuna kazi ambazo hakuna mfanyabiashara angezifanya kwa faida: mwaka 2015 wakimbizi wa Burundi walipojazana Kagunga, kijiji ambacho wakati huo hakikuwa na barabara ya gari, Liemba iliwabeba wengi hadi Kigoma.

Ninachoomba wahusika wafanye ni kitu cha bei nafuu: meli ikiondoka kila kituo, ujumbe mfupi uende kwa wenyeviti wa vijiji na mawakala wa vituo vitatu vinavyofuata, ukitaja saa ya kuondoka na mzigo wa kila kituo. Simu ya kitochi inatosha kuupokea.