Muulize Shangazi: Kijana wa pampu anashtuka kila bodaboda ikiingia

Shikamoo shangazi. Mimi ni supavaiza wa sheli moja hapa Dar, miezi miwili iliyopita tulivamiwa usiku na majambazi wawili wa bodaboda, mmoja akamwekea kijana wetu wa pampu bastola kichwani, wakabeba mauzo ya zamu nzima wakasepa. Tangu hapo kijana hayuko sawa, bodaboda ikiingia kwa spidi anachomoa nozo anaruka nyuma, juzi kamwaga petroli kwenye viatu vya mteja. Wenzake wanasema anadeka. Nikamsimamisha kikao cha asubuhi awasimulie ilivyokuwa ili wamwelewe, akaanza vizuri afu akanyamaza, akatoka nje. Bosi anataka tumtoe. Nifanyeje? Mimi siku ile nilikuwa ofisini ndani, sikuguswa.

JIBU: Marahaba mwanangu, poleni sana.

Hicho kikao usirudie. Najua nia yako ilikuwa njema, ila kumsimamisha mtu mbele ya wenzake asimulie bastola ilivyomgusa ni kumrudisha pale pale. Mwaka 2011 Shirika la Afya Duniani lilitoa mwongozo wa huduma ya kwanza ya kisaikolojia na mambo yake ni matatu tu, kuangalia, kusikiliza, na kumuunganisha mtu na msaada, na hapo kusikiliza ni pale anapotaka kuongea mwenyewe, sio umkamue. Na hadeki. Mwili umeshashika kwamba ule mlio ni hatari, unaruka kabla yeye hajafikiria.

Sasa kuna kitu hujaandika nami nakiuliza makusudi: hizo hela zilizoibiwa, kakatwa nani? Maana sheli nazijua, hesabu isipofunga mtu wa pampu ndo analipa. Kama kijana kawekewa bastola afu mwisho wa mwezi kakuta mshahara umenyofolewa basi kaibiwa mara mbili, na mara ya pili ni nyie, watu aliodhani wako upande wake. Sheria ya Ajira na Mahusiano Kazini ya 2004 inaruhusu kukata mshahara kufidia hasara pale tu hasara imetokana na kosa la mfanyakazi mwenyewe, tena apewe kwanza nafasi ya kujieleza. Kosa lake hapo lipi? Mrudishieni kabla hujamwambia pole nyingine yoyote. Na kama kuna klipu ya kamera ya usiku ule inazunguka kwenye grupu la wasap la kazini, ifutwe leo.

Afu mwite pembeni, mnunulie chai, muulize zamu gani ina nafuu kwake, achague yeye. Usiku mpumzishe kwa muda, mpe pampu inayotazama barabara aone anayeingia badala ya kusikia mlio mgongoni, na wawe wawili.

Miezi miwili ni mingi, aonwe na mtaalamu. Muhimbili wana idara ya afya ya akili, watu wakisikia hivyo wanawaza Mirembe, ile hospitali ya wagonjwa wa akili Dodoma, na kuokota makopo, mweleze kwamba sivyo, na siku ya kwenda mpe ruhusa bila kumkata.

Bosi mwambie tu kwamba kijana akifukuzwa hivi afu akaenda CMA, ile Tume ya Usuluhishi na Uamuzi ya migogoro ya kazi, atakayetoa maelezo ni yeye.

Halafu wewe. Unasema hukuguswa, ila meseji yako imeingia saa tisa usiku. Ulikuwa zamu, au ndo hulali?