Mgahawa kwenye simu: maswali yenu kuhusu gemu za kupika na kuhudumia

Maswali ya safari hii yote yanahusu gemu za kuendesha mgahawa, zile za utulivu ambazo mchezaji anapokea oda, anapika, anahudumia, anafunga hesabu, na kesho anafungua tena. Nimechagua sita.

Nafanya kazi jikoni hotelini tangu alfajiri. Nikirudi nyumbani nacheza Good Pizza, Great Pizza mpaka usingizi unanichukua. Mume wangu anashangaa: umetoka jikoni, unarudi jikoni tena! Nina tatizo? (Msomaji, Arusha)

Huna tatizo, dada, na hauko peke yako. Hebu angalia jiko lako la kweli linavyokwenda. Unakata vitunguu, unakaanga, sahani inapita dirishani, inatoweka. Aliyekula humwoni. Kama chakula kilikuwa kitamu sifa zinamwendea mhudumu au mwenye hoteli, na kama chumvi ilizidi ndipo jina lako linatajwa. Sasa angalia hiyo gemu. Mteja anasimama mbele yako, anakueleza anachotaka kwa maneno yake. Unapaka sosi, unatawanya jibini, unapanga uyoga, pizza inapita kwenye oveni, unaikata, unaiweka kwenye boksi. Anaifungua palepale na uso wake unakupa jibu. Yote hayo hayachukui hata dakika mbili. Naamini raha yenyewe iko hapo: mkono uliofanya kazi ndio unaopokea shukrani, tena papo hapo.

Halafu siku inaisha. Linakuja daftari fupi la mapato na matumizi, mlango unafungwa. Ukiunguza pizza au ukikosea oda, unapoteza vijisenti na mteja anaondoka amenuna, lakini hakuna anayekukata mshahara wala kukufokea mbele ya wenzako. Anayefuata hajui kilichotokea.

Tena kuna kusikiliza. Wateja wa gemu hiyo hawasemi wote kwa lugha nyoofu. Mmoja anataka nusu iwe na pepperoni na nusu isiwe nayo, mwingine anazungumza kwa mafumbo mpaka uketi ufikiri. Kipo kitufe cha kumwomba afafanue, na kukibonyeza si aibu. Mtu anayeshinda akipewa amri anapata mahali ambapo anaelezwa shida, naye anaitatua kwa akili yake mwenyewe.

Mwambie mume wako pia kwamba aina hii ya gemu ilipata umaarufu kupitia mtu aliyechoka kama wewe. Diner Dash, iliyotengenezwa mwanzoni mwa miaka ya 2000 na ikawafungulia wengi njia, inamhusu Flo, mwanamke anayekimbia kazi ya ofisini iliyomzika kwenye makaratasi, akafufua mgahawa uliochakaa ili awe bosi wake mwenyewe. Hamu hiyo ya kuwa na pako bado ndiyo moyo wa gemu hizi.

Simu yangu ni ya bei ya chini na bando ni la kuungaunga. Nianze na ipi? (Msomaji, Mwanza)

Anza na hiyohiyo ya pizza. Walioitengeneza ni TapBlaze wa Los Angeles, imekuwepo tangu 2014, na kuipakua ni bure. Ipakue ukiwa penye Wi-Fi, kisha zima data: utaendelea kupika bila shida.

Ukitaka kitu kisichohitaji vidole vya haraka, jaribu Animal Restaurant. Wateja ni wanyama, wapishi na wahudumu ni paka, na fedha yenyewe ni samaki. Mgahawa unaendelea kuingiza samaki hata ukiwa umeifunga simu, hadi kiwango fulani, kwa hiyo unaweza kuchungulia asubuhi kabla ya daladala na usiku kabla ya kulala. Kasoro yake ni matangazo: mara kwa mara itakualika utazame video ili upate zawadi, na hapo ndipo bando linapoliwa. Kataa tu. Utakwenda polepole, na katika gemu ya namna hii polepole ndiyo mwendo wake halisi.

Shikamoo. Nilisikia Overcooked inasifiwa, nikadhani ni ya kupumzisha akili. Tumecheza na kaka yangu jioni moja tu, tukanuniana hadi asubuhi. Nimeielewa vibaya? (Msomaji wa kidato cha tano, Dodoma)

Marahaba. Umechukua gemu nzuri kwa kazi ambayo si yake. Overcooked ilitoka mwaka 2016, ikiwa kazi ya studio ndogo ya Uingereza, Ghost Town Games, na imejengwa ili watu wapigiane kelele. Majiko yake yanapasuka katikati, mengine yako juu ya malori yanayotembea au juu ya barafu inayoteleza, na saa inakimbia wakati wote. Furaha yake ni vurugu ya pamoja. Anayetafuta utulivu humo ataumia.

Ukitaka kujua kama gemu ya mgahawa itakutuliza, tazama kwanza nani ameshika saa. Katika Overcooked saa imekushika wewe. Katika Coffee Talk, iliyotengenezwa Indonesia na Toge Productions na kutoka mwaka 2020, hadithi inakungoja. Wewe ni muuza kahawa wa usiku katika Seattle, mji wa Marekani, lakini ya kubuni, ambako binadamu wanaishi na majini ya kila aina, vampaya na wengineo. Wanakuja, wanaagiza, wanazungumza: mapenzi, kazi, wazazi wasiokubali mchumba. Kazi yako ni kuchanganya kinywaji sahihi na kuwa msikivu. Unaweza kukaa na kikombe chako cha kweli mkononi, ukasoma mazungumzo taratibu.

Katikati ya hizo mbili ipo Dave the Diver ya Mintrocket wa Korea Kusini, ya mwaka 2023. Mchana unazamia baharini kuvua huku ukiangalia hewa iliyobaki, usiku unahudumia kwenye mgahawa wa sushi. Zamu ya usiku ina pilikapilika: unakimbiza sahani, unasaga wasabi (kiungo kikali cha Kijapani), unamimina chai ya kijani na kuachia kabla haijamwagika. Lakini ni zamu fupi, na samaki anayeliwa umemvua mwenyewe mchana. Mimi naipenda kuliko zote kwa sababu hiyo tu: unajua kila kipande kilikotoka. Inataka kompyuta au mashine ya gemu.

Mwombe kaka yako radhi, kisha ichezeni tena Overcooked siku mkiwa wanne. Wengi wakiwepo lawama zinagawanyika, na kicheko kinakuja chenyewe.

Mwanangu wa miaka tisa anapenda gemu hizi. Naogopa atatumia pesa yangu bila kujua. (Mzazi, Nakuru)

Ingia kwenye mipangilio ya Play Store, uweke nenosiri lidaiwe kwa kila ununuzi, na nenosiri hilo asilijue. Pia mpe simu ikiwa imezimwa data. Kisha kaa naye mara moja uone gemu yenyewe inauza nini. Zinazouza mapambo ya meza hazinisumbui. Zinazouza subira zinanikera: katika Cooking Fever, kwa mfano, vifaa vingi vizuri vya jikoni vinadai almasi, almasi zinapatikana kidogokidogo, na duka la almasi liko wazi saa zote. Mtoto hana kinga dhidi ya mpango wa namna hiyo. Gemu ya pizza ni salama zaidi, na itamfanya asome sana, kwani oda zote ni maandishi.

Nina banda la chakula Mbagala. Binti yangu anasema nicheze gemu ya mgahawa nijifunze biashara. Ni kweli au ananipotezea muda? (Mama lishe)

Mama, binti yako hajakosea kabisa. Yako mambo mawili ambayo gemu hizi huyaonyesha vizuri kuliko maneno.

La kwanza ni gharama ya mkono mwepesi. Katika gemu ya pizza kila kipande unachoweka kinakatwa kwenye pesa yako palepale. Ukiwa mkarimu kuliko oda, mteja hakulipi zaidi, na jioni unaiona faida imekonda. La pili ni kupanga kiasi. Katika Dave the Diver unachagua kabla ya kufungua ni vyakula gani vya usiku huo na sahani ngapi za kila kimoja. Ukiandaa nyingi, zilizobaki zinatupwa. Ukiandaa chache, mteja anaikosa aliyoitaka. Wewe unaujua uamuzi huo kila unapopima mchele asubuhi ukiitazama hali ya hewa. Kwa kijana anayetaka kukusaidia bandani, kuufanya uamuzi huo mara nyingi bila hasara ya kweli ni zoezi zuri.

Lakini gemu haijui mkaa umepanda, haijui mvua ya siku nzima, ushuru, wala maji kukatika saa nne asubuhi. Wateja wake karibu wote wanalipa. Hakuna fundi anayekula wiki nzima kwa maneno ya "nitakulipa Jumamosi", na hakuna wewe kuamua kama umkatae au umwekee sahani kwa sababu unaijua familia yake. Sehemu hiyo ngumu unaifanya tayari. Mwache binti acheze, halafu mkabidhi daftari la mauzo mwezi mmoja uone alichovuna.

Kwa nini tunapika pizza na sushi tu? Chakula chetu hakiwezi kuwa gemu? (Msomaji, Unguja)

Kinaweza, na mfano upo. Venba, ya mwaka 2023 kutoka studio ya Visai Games ya Toronto, inamhusu mama wa Kitamil, kutoka kusini mwa India, aliyehamia Kanada na mumewe miaka ya 1980. Si mgahawa, ni jiko la nyumbani. Ana kitabu cha mapishi cha mama yake kilichochakaa na kufutika, na mchezaji anajaza yaliyopotea kwa kupika: idli na puttu, vyakula vya mchele vya kwao, na biriani. Hawakupunguza viungo ili kumridhisha mgeni, na watu wasiowahi kuonja idli waliielewa.

Sasa fikiria urojo. Mteja wa Forodhani anasimama mbele ya meza yako: bajia mbili, kachori, viazi vingi, mshikaki mmoja, chipsi za muhogo juu, chatini ya nazi, pilipili kwa mbali. Nyuma yake yuko mwingine anayetaka vyote isipokuwa yai, na wa tatu anasema, "Nitilie kama ya jana." Unamkumbuka? Uliandika? Hiyo ni gemu kamili, na ni ngumu kuliko pizza kwa sababu mchuzi unapoa. Weka na daftari la madeni, ambapo kumkopesha mtu kunakupunguzia pesa leo na kunakujengea mteja wa kudumu, au kunakupoteza kabisa, kutegemea ulivyomsoma.

Kwa vijana wanaojifunza kuandika programu: Godot, programu ya kutengenezea gemu, ni bure, na inatosha kwa kazi ya ukubwa huu. Msihangaike na hoteli nzima ya ghorofa. Tengenezeni bakuli moja na wateja watano wenye tabia tofauti. Mkifika hapo nitumieni, nami nitaicheza na kuieleza katika safu hii.