Kabla ya kuandika ardhilhali kuhusu polisi, amua unaliuliza Bunge nini

Dada mmoja wa Mumias aliniandikia baada ya kusikia kwamba ardhilhali yetu ya Nakuru, yaani ombi letu rasmi la maandishi kwa Bunge la Kenya, imejibiwa bungeni. Alitaka kujua yeye na wanawake wenzake wa sokoni wafanye nini ili Bunge liwahoji polisi kuhusu vijana wanaokamatwa ovyo kila mwisho wa wiki. Nilimpigia simu tukazungumza kwa kirefu, lakini naamini wapo wengine wengi, kuanzia Kaptembwa hapa Nakuru hadi Kondele kule Kisumu, wenye swali hilohilo na hamu ileile ya kuona haki ikitendeka, na ndiyo sababu nimeamua kuandika.

Kwetu chanzo kilikuwa Ijumaa. Vijana wa bodaboda wa mtaani kwetu walikuwa wakikamatwa Ijumaa jioni, mahakama zikiwa zimefungwa, wanalala seli hadi Jumatatu. Miongoni mwao alikuwemo mpwa wangu, mtoto wa marehemu dada yangu, ambaye nimemlea kama wa kwangu. Hakufikishwa mbele ya hakimu hata mara moja. Jumatatu asubuhi alifunguliwa mlango akaambiwa aende nyumbani, na pesa ambazo familia ilitoa zikiitwa dhamana hazikuandikiwa stakabadhi wala hazikurudi. Kijana yule alikuwa akiwasalimu askari wa doria kwa heshima kila jioni. Sasa akiona gari lao hugeuza pikipiki na kupita njia nyingine. Miaka imepita, na bado sijaweza kulisimulia jambo hili kwa moyo mtulivu.

Hasira ingetosha kutusukuma tuandike kwamba askari fulani wakamatwe na kufutwa kazi, na wazee kadhaa katika kikao chetu walitaka hivyo. Mimi nilipinga, na kwa hili najivunia, kwa sababu nilikuwa nimeisoma Katiba. Kifungu cha 49 kinataka mtu aliyekamatwa afikishwe mahakamani kabla ya saa 24 kwisha, lakini kinaongeza kwamba saa hizo zikiishia wakati ambao mahakama haifanyi kazi, atafikishwa siku ya kazi inayofuata. Kwa hiyo ukimuuliza mkuu wa kituo kama amevunja sheria kwa kumlaza kijana seli tangu Ijumaa, atakujibu kwamba hajaivunja, na karatasi zitamuunga mkono. Swali linalomfaa mbunge ni jingine: ni watu wangapi hukamatwa Ijumaa jioni na kuachiliwa Jumatatu bila mashtaka, Huduma ya Taifa ya Polisi inaweka hesabu hiyo wapi, na ni mwongozo gani unaomzuia mkuu wa kituo kumnyima dhamana mtu wa kosa dogo?

Tofauti hiyo ndiyo roho ya ushauri wangu wote. Kifungu cha 245 kinamkataza mtu yeyote kumwamuru Inspekta Jenerali amchunguze fulani au asimchunguze. Hata Waziri anaruhusiwa kumpa maelekezo ya sera tu, tena kwa maandishi. Kamati ya Bunge inayoheshimu Katiba haiwezi kukuamulia kesi yako. Kisa cha mtu mmoja aliyepigwa au kuuawa kipeleke IPOA, mamlaka huru ya kusimamia utendakazi wa polisi iliyoundwa kwa sheria ya 2011, ambayo ina ofisi Nakuru, Kisumu na Kakamega. Bungeni peleka mtindo unaojirudia, sera inayouruhusu na fedha zinazouendeleza. Kisa cha mpwa wangu tulikiweka kama mfano mmoja kati ya mingi.

Kazi ya kukusanya ushahidi sitaieleza kwa urefu. Tulizunguka, tukaandika tarehe, saa, namba ya OB (kitabu cha matukio cha kituo cha polisi) pale ilipopatikana, na kila msimuliaji akatia sahihi. Ardhilhali yenyewe inaongozwa na sheria ya 2012 inayofafanua Kifungu cha 119 cha Katiba. Iandikwe kwa lugha ya heshima, kwa Kiswahili au Kiingereza. Ieleze kama ulikwisha kujaribu kutatua jambo hilo kwa wahusika, na kama liko mahakamani. Iseme waziwazi unaomba nini. Iwe na majina na sahihi. Unaiwasilisha kwa Karani wa Bunge, ambaye ana siku saba za kuikagua, au mbunge anaiwasilisha kwa niaba yako. Mbunge tuliyemwendea alituambia masuala ya polisi yana wenyewe, basi tukamwendea Karani moja kwa moja. Yetu tuliiandika kwa Kiswahili, na hakuna aliyeirudisha.

Siku ya kusikizwa ilinifundisha mengine. Kifungu cha 125 kinaipa kamati uwezo kama wa Mahakama Kuu wa kuwaita mashahidi na kudai hati, na nilikwenda nikiamini kwamba uwezo huo ungetumika wenyewe. Haukutumika mpaka tulipouomba. Mjumbe mmoja alinikatiza nikiwa katika sentensi ya pili, akaniuliza mimi ni wakili wa nani, na afisa aliyekaa upande wa pili akacheka. Niliumia sana, nami nakiri kwamba kicheko kile bado ninakisikia. Hata hivyo nilisoma ombi letu la tatu neno kwa neno: kamati iitishe vitabu vya OB vya vituo tulivyovitaja kwa kipindi tulichokitaja. Mwenyekiti aliagiza viletwe. Usiiachie kamati ibuni maswali. Yaandike wewe, pamoja na hati inayotakiwa na ofisi inayoihifadhi.

Wapo wanaosema kuhojiwa bungeni ni maneno matupu. Mwalimu Albert Ojwang alikamatwa Homa Bay mnamo Juni 2025, akasafirishwa hadi Nairobi na kufia mikononi mwa polisi, nao wakasema kwamba alikigonga kichwa chake ukutani. Tarehe 11 mwezi huo Inspekta Jenerali Douglas Kanja alisimama mbele ya Seneti na kuomba radhi kwa maelezo hayo, kwa sababu uchunguzi wa IPOA ulikuwa umeonyesha vingine. Kauli iliyotolewa kwa wanahabari ilibidi ibadilishwe mbele ya maseneta, na kumbukumbu hiyo haifutiki. Haimrudishi mwalimu yule kwa wazazi wake, lakini bila kikao kile uongo ungekaa muda mrefu zaidi.

Ripoti kuhusu ardhilhali yetu iliwasilishwa bungeni, na aya moja tuliyoiandika sisi, katika chumba cha nyuma cha kanisa, imo humo ikiwa na koma zetu. Kamati ilipendekeza mwongozo wa maandishi kuhusu dhamana katika vituo vya polisi na hesabu ya watu wanaolala seli mwisho wa wiki. Pendekezo si amri, ndugu zangu, na hapa ndipo wananchi wengi hukunja mikeka na kwenda nyumbani. Sheria ya kuanzisha huduma ya wachunguzi wa vifo ilitungwa 2017 na ikakaa miaka bila huduma yenyewe kuwepo. Bunge linalopitisha sheria na kutofuatilia ni Bunge linalowasubiri wananchi wafuatilie, nasi tunalala.

Kwa hiyo, dada wa Mumias, weka njia mbili mbele yako mapema. Ya kwanza ni Kamati ya Utekelezaji ya Bunge la Taifa, ambayo kazi yake ni kuuliza serikali imefanya nini kuhusu yale yaliyoazimiwa na Bunge. Huko ndiko barua yetu ya pili inakokwenda mwezi huu. Ya pili ni bajeti. Makadirio ya matumizi hufika bungeni kabla ya Aprili kwisha, na mwezi wa Mei kamati huyapitia, ikiwemo ile ya Utawala na Usalama wa Ndani. Huo ndio wakati wa kuuliza ni shilingi ngapi zimetengewa kumbukumbu za seli na ni ngapi zimetengewa IPOA, kwa maana ikifika Julai fedha zimeshagawanywa. Soma pia ripoti ambazo IPOA hutoa kila miezi sita, utafute kaunti yako ya Kakamega humo, kisha unitumie rasimu ya maswali yenu kabla ya Machi ili tuyasome pamoja na yetu.